Mtaalamu Aliondoka na Namba Yangu ya Simu

Nina miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto watatu, mkazi wa Landless, Thika. Ndugu wasomaji, ninaandika haya nikiwa na hasira ambayo hata maombi hayajaituliza...

Kazi yangu ni kuangua vifaranga kwa mashine na kuwauza. Wateja wangu wengi ni wakulima wa Gatuanyaga, na walinijua kwa namba moja tu ya simu, ile niliyokuwa nayo tangu nikiwa msichana.

Nilipofungua duka la pili Ruiru, mambo yalianza kuvurugika. Vifaranga niliomwahidi mteja wa Thika, nikienda kuwachukua, wameshauzwa Ruiru! Kila siku lawama. Nilichoka!

Ndipo Mburu, binamu ya mume wangu, akajitokeza. Yeye ni mshauri wa kompyuta na mawasiliano ya biashara. Alisema dawa ni mfumo mmoja: kompyuta ipokee simu zote za namba yangu, imsalimie mteja kwa Kiingereza, kisha imwambie abonyeze moja kwa Thika, mbili kwa Ruiru, ili oda za kila duka zijitenge. Ila ilibidi laini iandikishwe kwa jina la kampuni yake. Nikatia sahihi. Ningemshuku vipi mtu tunayekula naye Krismasi?

Simu zikapungua. Nikafurahi, eti nimepata utulivu! Kumbe...

Vifaranga walianguliwa, na hakuna aliyekuja kuwachukua. Walijazana kwenye maboksi, wakakanyagana, wakafa. Nililia nikiwazoa.

Nilipanda bodaboda hadi kwa Shosho Njoki, mteja wangu wa zamani kule Gatuanyaga. Hata chai hakunipa.

"Mama Kui, nilikuflash kama kawaida, mzungu fulani akashika simu, akamaliza kredo yangu yote! Nikasema sawa, siku hizi wewe ni mdosi, tajiri mkubwa, hutaki watu wa kuflash."

Nilitamani ardhi inimeze. Wateja wangu hawapigi simu, jamani! Inalia mara moja, wanakata, nami nawapigia. Ndivyo tulivyofanya biashara miaka yote. Sasa kompyuta ilikuwa inaidaka simu kabla hawajakata, na Mburu hakuwahi kuniuliza hata mara moja wateja wangu hunipataje.

Nilimweleza Mburu hayo yote, nikamwomba aondoe mfumo na kunirudishia laini. Akacheka. "Shem, si ulisign? Hiyo namba ni ya kampuni sasa." Mume wangu alimsihi, wazee wa ukoo wakamwita, wapi!

Baadaye nilijaribu kuipiga namba yangu mwenyewe. Kiingereza hakikuwepo tena. Mwanaume nisiyemjua alipokea: "Karibu mteja, vifaranga wako tayari hapa Ruiru. Ukikosa kredo wewe flash tu, tutakupigia."

Mburu alikuwa amempa mshindani wangu laini, na akamfundisha maneno niliyomwambia mimi kwa kinywa changu! Ni binadamu wa aina gani huyu?

Nimefunga duka la Ruiru. Nawasihi wenzangu: akija mtaalamu kukutengenezea mawasiliano, mkalishe kwanza dukani aone watu wako wanavyokutafuta. Na laini yako isitoke kwenye jina lako, hata anayeomba akiwa wa damu!

Sasa nazunguka Gatuanyaga boma kwa boma nikigawa namba mpya. Wengine wanaiandika kwa huruma... Wengine wanakataa. Wananiambia namba ya Mama Kui wanayo tayari, na juzi tu wameletewa vifaranga.