Jembe la Tata Apolot

Kila asubuhi Anyait aliteka maji kisimani, akawafungulia mbuzi, akafagia uwanja, kisha akamdanganya bibi yake. Kazi zile za kwanza alizizoea tangu utotoni. Hiyo ya mwisho ilikuwa mpya, na ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Bibi huyo jina lake Apolot, lakini pale nyumbani, kijijini Adungosi, wote walimwita Tata, kama Wateso wamwitavyo bibi. Alikuwa ameugua ugonjwa wa akili, akalazwa katika hospitali ya mbali tangu Anyait akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mwaka huo wa sabini na nne alipata nafuu. Aliletwa nyumbani na Bi Zilpa Makokha, mfanyakazi wa ustawi wa jamii kutoka Busia, mwanamke mwenye viatu vizito na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Dawa kila jioni baada ya chakula, msisahau hata siku moja," Bi Zilpa aliwaambia. "Na mkae naye kama mtu wa nyumba hii. Nitarudi baada ya mwezi. Nikikuta mambo yamekwenda vizuri, atabaki. Nikikuta yamekwama, itabidi nimrudishe hospitali, na kwa umri wake sidhani kama atatoka tena."

Walimpokea Tata kwa mapenzi, hilo lisemwe wazi. Walimwekea kiti chenye mgongo, wakampa sahani yake na kikombe chake. Ila mapenzi hayo yalichanganyika na hofu, na hofu ni mshauri mbaya. Mama yake Anyait alificha visu vyote. Panga akalipeleka kwa shemeji yake. Jembe la Tata, lile dogo lenye mpini uliolainishwa na mikono yake mwenyewe, akalisukumiza darini jikoni, katikati ya kuni.

"Akikuuliza, mwambie limevunjika," mama alimwambia Anyait. "Mtu aliyeugua kichwa hapewi chuma."

Na Tata aliuliza. Aliamka pamoja na kuku, akajifunga leso kiunoni, akamwita mjukuu wake.

"Anyait, jembe langu liko wapi? Magugu hayangoji mtu."

"Limevunjika, Tata."

"Basi lipelekwe likatiwe mpini."

"Ndiyo, Tata."

Kesho yake aliuliza tena, na Anyait akadanganya tena. Ikawa hivyo siku baada ya siku, mpaka Tata akaacha kuuliza. Tangu hapo alikaa kitini kutwa nzima akiitazama mikono yake. Chakula alikirudisha nusu. Majirani waliopita kwenda soko la Chakol walichungulia uani wakanong'onezana kwamba ugonjwa unarudi. Wapi! Walikuwa hawajui hata kilichokuwa kikiendelea, lakini midomo haikosi kazi.

Jumamosi aliyotarajiwa Bi Zilpa, kiti kilikutwa kitupu.

Mama alishika kichwa. Baba yake Anyait, Odeke, alikuwa kazini stesheni ya Malaba akipakia mizigo, wala hakukuwa na wa kumtuma kumwita. Anyait hakungoja kuambiwa.

"Nitamleta," akasema, akatoka mbio.

Alipita kisimani, hayuko. Akaenda hadi barabara ya Malaba, malori yakinguruma kuelekea mpakani, hayuko. Anyait alijua vizuri kilichokuwa hatarini. Tata akipotea leo, Bi Zilpa atamrudisha hospitali, na huko ndiko atakakozeekea na kufia. Aliapa moyoni kwamba hatarudi nyumbani peke yake.

Ndipo alipomsikia Mzee Okedi, jirani yao, akifoka shambani kwake. Anyait akakatiza huko. Tata alikuwa amepiga magoti katikati ya wimbi changa, yaani ulezi, aking'oa mimea kwa mikono mitupu, na fungu la alichong'oa limelala kando yake. Mzee Okedi alisimama pembeni ameshika fimbo, bila kuthubutu kusogea.

"Njoo umwondoe bibi yako, ananimalizia wimbi," akasema. "Tulisema wazimu hauponi. Huyo mama wa Busia akija leo, mimi mwenyewe nitamwambia amchukue."

Anyait alichutama kando ya Tata, akachukua mmea mmoja kutoka kwenye fungu, akauminya shina.

Yafaa ujue kwamba wimbi lina ndugu yake wa mwitu. Yakiwa machanga, wimbi na gugu hilo hufanana kama pacha, na wakulima wengi wamewahi kung'oa chakula na kupalilia gugu. Aliyelelewa shambani huangalia chini ya shina, kwa maana shina la gugu huwa bapa na jeupe zaidi. Huo aliouminya Anyait ulikuwa bapa. Akachukua mwingine, bapa. Akalipindua fungu zima, akalichambua. Hakuona hata mche mmoja wa wimbi.

"Mzee," akasema, akimnyooshea shina, "nakuomba utazame mwenyewe kabla hujamwambia mtu lolote."

Mzee Okedi alikuja shingo upande. Aliminya shina moja, la pili, kisha mengine mengi. Akautazama mstari aliopita Tata, halafu mistari aliyopalilia yeye na wanawe. Alijikuna kidevu.

"Kwa kweli sisi ndio tuliong'oa wimbi," akakiri.

"Wanao wana haraka," Tata akasema bila kuinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kusema neno.

Wakati huo mama alifika akihema, Bi Zilpa akimfuata.

"Nimemtunza kama yai," mama alilalamika, "na bado ugonjwa umerudi."

Bi Zilpa aliangalia vidole vya Tata vilivyochubuka. "Kwa nini anapalilia kwa vidole?" akauliza.

Mama akamkazia Anyait macho. Anyait aliielewa ile ishara. Kusema ni kumwaibisha mama mbele ya watu, na kunyamaza ni kumpoteza Tata. Aliogopa, lakini alisema.

"Dawa ameimeza kila jioni, mimi ndiye ninayempa. Jembe lake liko darini jikoni. Aliniomba kila siku nikamwambia limevunjika. Nilikuwa ninadanganya. Ugonjwa haujarudi. Tulimnyima kazi, akaja kuitafuta kwa jirani."

Mama aliinamisha uso. "Niliogopa," akasema polepole. "Sikukusudia ubaya."

"Najua, Mama Anyait," Bi Zilpa alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Lakini daktari alimpima akasema anaweza kuishi na kulima kama zamani, mradi ameze dawa. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mmemfanya mgeni mwezi mzima, tena katika boma lake mwenyewe."

Anyait alikuwa ameshaondoka. Aliporudi na jembe alipiga magoti, akalitoa kwa mikono miwili.

"Halikuvunjika, Tata. Nilikudanganya. Nisamehe."

Tata alilipokea, akapitisha kidole gumba kwenye makali yake.

"Najua," akasema. "Niliuona mpini wake kati ya kuni zamani sana. Nilikuwa ninangoja mnipe wenyewe."

Mama alifuta macho kwa ncha ya leso. Mzee Okedi akaitupa fimbo yake nje ya shamba.

"Mmesikia hayo?" Bi Zilpa akauliza. "Dawa hutuliza maradhi, na kuaminiwa humrudisha mtu kati ya watu. Mwamini mgonjwa aliyepona, na usimdanganye hata kwa mapenzi, maana uongo humwonyesha kwamba bado yuko nje. Anyait, leo umesema kweli ilipokuwa ngumu, na kweli hiyo ndiyo iliyombakisha bibi yako. Mwezi ujao nitakuja kumjulia hali tu, nile na ugali wa wimbi."

Tata hakusikiliza hotuba hiyo hadi mwisho. Alikuwa tayari ameinama mstarini, jembe likichapa kazi.

"Anyait, mbona umesimama?" akaita. "Kalete la kwako."

Anyait akakimbia nyumbani kuleta jembe lake.