Barua Iliyokwama Nusu

Kila asubuhi fundi seremala alifanya mambo matatu kabla ya kwenda karakanani. Alikunywa chai. Alifagia sebule. Kisha alichomoa waya wa kompyuta ukutani na kuifunika kwa kitambaa, ili vumbi la mbao lisiingie ndani. Printa hakuichomoa. Kwa maoni yake printa haifikirii, kwa hiyo haichoki.

Asubuhi hiyo alikuwa ndio kwanza ametandaza kitambaa pale binti yake alipotoka chumbani mbio mbio, simu mkononi.

"Baba, gari la kunichukua linakuja leo saa sita. Si kesho tena, wamebadilisha. Nakimbia kumuaga shangazi, narudi sasa hivi."

"Sawa," alisema fundi.

Binti alimtazama kidogo, kama anayengoja neno la pili. Halikuja. Akatoka.

Neno hilo "sawa" ndilo lililokuwa likimkosesha fundi usingizi. Wiki mbili zilizopita, binti alikuja karakanani kumwambia amepata kazi ya uuguzi katika hospitali ya mbali. Fundi alijibu "sawa", akaendelea kupiga randa. Tangu siku hiyo binti alipunguza maneno. Alidhani baba hakufurahi. Na fundi, mwenye ulimi mzito tangu utoto, hakujua aanzie wapi kumweleza.

Basi akaamua kuandika. Siku tatu alichapa barua kwenye simu kwa kidole gumba, herufi moja moja. Hakutaka kuituma kama ujumbe, maana ujumbe humezwa na picha na salamu za watu. Alitaka karatasi. Aikunje, aitie kwenye begi la binti, binti aikute huko aendako.

Sasa alibakiwa na saa mbili.

Juzi binti alikuwa amemwonyesha namna ya kuchapisha kutoka kwenye simu. Fungua barua, gusa alama ya printa, bonyeza. Siku ile karatasi ilitoka bila ubishi. Leo fundi alifungua, akagusa, akabonyeza.

Kimya.

Taa ya printa iliwaka kijani kibichi. Sasa shida nini? Akabonyeza tena. Akaisogeza simu karibu. Akailaza juu ya printa kabisa, kama mtoto mgongoni. Kimya. Akaibeba printa kuipeleka dirishani, akidhani labda kuna mtandao zaidi huko. Waya wake, ulioingia chini ya kitambaa cha kompyuta, ukamvuta nyuma.

"Wewe nimekukosea nini?" aliuliza.

"Fundi, unagombana na nani?" Ilikuwa sauti ya jirani mlangoni, karani wa shule. Mtaa mzima ulimwita Bi Mhuri.

"Na hii printa, jirani. Juzi inakubali, leo imeninunia. Taa hiyo hapo inawaka."

"Umebonyeza mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Bi Mhuri alichukua simu, akatazama, akaguna. "Mara kumi na moja. Hesabu imo humu. Na huyu aliyejifunika shuka ni nani?"

"Hiyo ni kompyuta. Inapumzika. Mimi natumia simu, siyo hiyo."

"Haya, fundi, nijibu. Mteja akija karakanani na kazi, anampa nani?"

"Mimi."

"Haiambii randa?"

Fundi alicheka. "Randa itamsikia wapi?"

"Na ukiwa hupo?"

"Atasubiri mlangoni."

"Ndivyo ilivyo hapa. Simu ni mteja, kompyuta ni wewe, printa ni randa. Fuata huo waya uone. Printa hii inasikia kompyuta tu. Simu inaipa kompyuta kazi, kompyuta inaipa printa. Wewe umemlaza fundi, halafu unaigombeza randa."

Fundi alitazama kitambaa, akatazama waya. Alijikuna kisogo. "Kumbe juzi kompyuta ilikuwa macho."

"Ilikuwa macho. Sasa, kabla hujaiamsha, futa barua zote kumi na moja. Ukiziacha, zitatoka zote. Kisha bonyeza upya mara moja tu, usubiri."

Fundi alizifuta moja moja, ulimi nje kidogo. Akaondoa kitambaa, akachomeka waya, akawasha. Walingoja mpaka kompyuta ikafunguka vizuri. Lakini simu ikaandika kwamba haioni printa.

"Unaona?" alisema fundi. "Bado imenuna."

"Subiri. Simu yako inatumia bando, kompyuta inatumia waifai ya nyumbani. Mmoja yuko karakanani, mwingine yuko sokoni, watasikizana vipi? Washa waifai kwenye simu, zote ziwe nyumba moja."

Fundi akaiwasha. Jina la printa likatokea. Bi Mhuri akaelekea mlangoni.

"Malizia mwenyewe. Barua yako sijaisoma, ila naona ina haraka."

Fundi alichagua jina la printa, akabonyeza mara moja tu. Akakunja mikono asije akashawishika. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na mstari wa kwanza ukachungulia.

"Baba, nimerudi. Shangazi amenichelewesha."

Binti alikuwa tayari ndani. Fundi alishtuka, na mkono wake ukafanya kile ulichozoea kufanya kila asubuhi: ukachomoa waya ukutani. Safari hii ulikuwa wa printa. Karatasi ikasimama, nusu ndani, nusu nje.

Binti aliinama akasoma. "'Mwanangu, siku ile niliposema sawa, nilitaka kusema kwamba.' Inaishia hapo." Akainua macho. "Kwamba nini, baba?"

"Ngoja niirudishe. Nimeshajua. Kompyuta iko macho, waifai ipo, nabonyeza mara moja tu..."

Nje gari likapiga honi.

"Baba. Kwamba nini?"

Fundi aliutazama waya mkononi mwake. Akauweka chini taratibu.

"Kwamba nilifurahi, mama," alisema. "Nilifurahi mpaka nikaharibu ubao niliokuwa napiga randa. Na nyumba hii, ukiondoka, sijui nitaifagia kwa ajili ya nani."