Bibi Hakanyagi Chumvi

Harro Lüders alimimina chai kwa mara ya tatu. Sukari ya mawe ikapasuka kikombeni. Chumba cha nyuma cha baa yake kilinuka moshi uliolala, na mezani palikuwa na picha moja tu: gari la mbio la mwaka 1963, rangi ya fedha, mabega ya mviringo. Genge lilimwita Bibi.

"Bibi amelala tangu Oktoba," alisema Harro. "Uwe, mweleze Silke umemlazaje."

Uwe Brandhorst, fundi wa genge, alikuwa amejipenyeza kama kibarua kwenye ghala lililo nje ya mji wa Aurich, kiwanda cha zamani cha maziwa ambamo matajiri hulaza magari yao mpaka baridi ipite. Alijibu bila kuinua macho.

"Tangi limejaa mpaka shingoni, lisishike kutu. Tairi nimezijaza upepo zikawa mawe. Breki ya mkono nimeiachia, isigande. Ekzosi nimeiziba kwa tambara, panya wasizalie humo. Betri iko kwenye chaji. Ukimwamsha, anaamka."

"Hatumwamshi. Tunamsukuma mpaka ndani ya lori. Kibao chake cha namba kinamruhusu barabarani Aprili hadi Oktoba tu. Polisi akimwona barabarani Januari, hana haja ya kuuliza kitu. Halafu kuna chumvi wanayomwaga kuyeyusha barafu. Ile inakula chuma kama mchwa. Bibi hakanyagi chumvi. Tumeelewana?"

Silke, dereva wa lori, alisimamisha kijiko ndani ya kikombe chake. Kwa watu wa huko, ndiyo kusema nimetosheka. Asiyetia kijiko huendelea kumiminiwa.

"Lini, bosi?"

"Jumapili, saa tisa. Wakati wa chai. Hata mbwa wanakuwa ndani."

Uwe hakutia kijiko. Akamiminiwa cha nne.

"Bado tu, mzee?" Silke alimtania. "Utakojoa mpaka Pasaka."

"Bado," alisema Uwe.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka tisa nyuma, katika baridi kama hii, Enno, mdogo wake Uwe, alianguka kutoka paa la duka la sonara katika wizi uliopangwa na Harro, mfupa wa paja ukatokeza nje. Harro alifika na gari lake jipya, viti vya ngozi nyeupe. Akaitazama damu. Akavitazama viti. "Huyu hapandi humu," akasema, akaondoka. Polisi walimwokota Enno thelujini. Alikatwa mguu, akafa gerezani, na polisi hakuwatajia mtu. Haya yote alikuwa amemnong'oneza kaka yake tu, siku ya mwisho ya kutembelewa; Harro hakujua.

Uwe angeweza kwenda polisi siku yoyote. Lakini akina Brandhorst hawasemi. Alitaka Harro aanguke, na yeye asifungue mdomo.

*Jumapili. Saa tisa kasoro tano.*

Lori lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Uwe alifungua kwa ufunguo wake. Wakavua shuka la pamba, wakaondoa vigingi vya magurudumu, Bibi akateleza nje bila sauti.

*Saa tisa na dakika kumi.*

Silke alibonyeza kitufe. Jukwaa la kunyanyulia mizigo nyuma ya lori likapanda shibiri moja, likakoroma, likakaa chini. Mafuta yalimwagika thelujini. Mpira wa mafuta wa jukwaa hilo, Uwe alikuwa ameulegeza asubuhi ile.

"Limekufa," alisema Silke. "Mbao za kumpandishia hatuna. Twendeni zetu, bosi."

"Tumwache," alisema Uwe. Alimtazama Harro usoni. Alikuwa anampa nafasi ya mwisho, ingawa hakuwa na uhakika kama anataka aichukue.

"Nimwache? Huyu?" Harro alilipapasa paa la gari kama shingo ya farasi. "Una wazimu wewe? Mimi simwachi mtu wangu kwenye baridi."

Uwe akaenda kuleta betri. Alichomoa tambara la ekzosi, akalikunja vizuri, akalitia mfukoni.

*Saa tisa u nusu.*

Walipita njia za mashambani. Harro aliendesha Bibi, Silke na Uwe nyuma yake kwenye lori. Hawakukutana na gari hata moja. Lakini lami yote ilikuwa imeloa na kuwa nyeupe, na kila mara mvungu wa Bibi ulipopigwa na chumvi, Harro alipinda mabega kama anayepigwa yeye.

*Saa kumi kasoro robo.*

Nyumbani kwake, Harro hakumwingiza Bibi bandani. Alimsimamisha uani, penye bomba, akavuta mpira wa maji.

"Bosi," alisema Silke, "leo Jumapili. Hapa mtu haoshi gari Jumapili. Yule Bi Oltmanns wa jirani alikushtaki hata kwa kupiga msumari."

"Chumvi haijui Jumapili. Ikilala humu, kesho ni kutu."

"Mwingize ndani basi, funga mlango."

"Ndani hakuna maji. Ondoka mbele yangu."

Uwe alimvuta Silke pembeni. "Peleka lori kwa mama yako. Sasa hivi. Ukae huko."

"Kuna nini, mzee?"

"Amechemsha chai. Nenda ukanywe."

 Silke akapanda lori.

Uwe aliingia jikoni kwa Harro, akajimiminia chai, akakaa dirishani. Nje, maji yalipiga mvungu wa chuma kama ngoma ya harusi. Ng'ambo ya ua, pazia la Bi Oltmanns lilisogea. Likasogea tena.

*Saa kumi na dakika ishirini.*

Polisi wawili walishuka bila haraka, wamekunja nyuso kama watu waliokatizwa keki.

"Bwana Lüders, jirani analalamika tena. Siku ya mapumziko hii."

"Namaliza sasa hivi," alisema Harro. Alikuwa amepiga magoti, sponji mkononi, suruali imelowa.

Polisi mdogo alikuwa tayari amegeuka aondoke. Macho yake yakapita kwenye kibao. Pembeni, miezi yake: nne juu, kumi chini. Akazitazama tairi zinazochuruzika maji ya chumvi.

"Hili limetoka wapi Januari?"

 Harro aligeuza kichwa polepole kuelekea dirisha la jikoni. Uwe alilitoa mfukoni lile tambara la ekzosi, akalitandaza juu ya kioo ili Harro alione.

"Yule mle ndani!" Harro alipiga kelele. "Yule ndiye aliyelitoa gari ghalani! Ana ufunguo!"

Uwe alisikia buti zikija kuelekea mlango wa jikoni. Hakusimama. Alimaliza chai iliyobaki, akachukua kijiko, akakisimamisha ndani ya kikombe.