Chombo cha Anga Kilichopondwa Karakanani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, fundi alifungua karakana yake nyuma ya studio ya televisheni, akakuta chombo chake cha anga kimepondwa sakafuni. Kilikuwa cha mbao na plastiki, urefu wa mita mbili, na kwa miaka kumi na moja ndicho kilichopita mbele ya kamera katika tamthilia ile ya safari za nyota. Siku hiyo kilikuwa kipigwe picha zake za mwisho.

Inspekta, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimkuta fundi ameketi juu ya kopo la rangi. Mlango haukuwa umevunjwa.

"Kina nani wana funguo?"

"Mimi, mdogo wangu wa kike anayekipaka rangi, na ofisi ya mwongozaji. Ila usihangaike, afande. Ni yule wa picha za kompyuta, kule ghorofani. Tangu aje anaviita vyombo vyangu midoli. Ufunguo wa ofisini si kazi kuupata."

Inspekta alichuchumaa. Mbavu za chombo zilikuwa zimepigwa nyundo, lakini chumba cha rubani, kidogo kama ngumi, hakikuwepo. Skrubu nne zilizokishikilia zilipangwa mezani, vichwa vimekwanguliwa rangi.

"Skrubu hizi zilikuwa zinaonekana?"

"Zilifunikwa kwa rangi. Hata kwa tochi usingeziona."

Huko ghorofani, bwana wa kompyuta hakuinuka kitini.

"Nipo hapa tangu saa kumi na mbili jana jioni, muulize mlinzi. Na nikivunje cha nini? Maiti hauawi mara ya pili."

Akageuza skrini. Chombo kilekile kilikatiza mbele ya sayari nyekundu, chote cha kompyuta. Tarehe ilikuwa ya wiki mbili nyuma.

"Hizi ndizo picha za mwisho. Kule chini wanamridhisha mzee tu."

"Rangi umeipatia."

"Dada yake aliniletea sampuli. Akaangalia skrini, akaondoka bila kuaga."

Saa tano inspekta aliwakusanya wote karakanani, mwongozaji akiwemo.

"Mwenye chuki angepiga nyundo basi," alisema. "Huyu alijua skrubu zilipofichwa, akaokoa chumba cha rubani kwanza. Alikuwa anakipenda." Akamgeukia mdogo wa fundi. "Kiko wapi, dada?"

Mwanamke yule alifungua mkoba, akakitoa kikiwa kimeviringishwa ndani ya kitambaa.

"Kaka, walishamaliza bila wewe. Nikaona heri uamini kuna mtu kakuonea wivu, kuliko ujue hakuna aliyekihitaji tena."

Fundi alimtazama mwongozaji. "Wiki mbili kamera inanizunguka bure?"

Mwongozaji aliinamia viatu vyake. "Tulikuwa tunatafuta namna ya kukuambia, mzee wangu."

"Utamshtaki mdogo wako?" inspekta aliuliza.

Fundi alitikisa kichwa kukataa. Alivua aproni, akaikunja taratibu. Dada yake aliponyoosha mkono amshike, fundi aliurudisha wake nyuma.

"Kazi yako umeifanya, afande," alisema. "Ila ungeniachia adui wangu."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, peke yake. Inspekta alifungua daftari, akaandika kuwa mlalamikaji hayupo.