Ndoo ya Komeo

Jumamosi ya tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, ndiyo iliyoharibu kila kitu, na yote kwa sababu ya picha.

Asubuhi ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote nyumbani kwetu. Mwanangu aliamka, akafagia kibanda changu cha kinyozi, akamwaga nywele za jana, akachemsha maji ya kuoshea vitana. Tangu mama yake afariki tunaishi wawili tu. Mama huyo alikata roho kwenye benchi la zahanati, na ufunguo wa chumba cha dawa ulikuwa mfukoni mwa bwana mmoja aliyekwenda kwenye kikao. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wakubwa wanajua wanachofanya, natafuta pa kutemea mate.

Shuleni mwanangu aliitwa Komeo, kwa sababu akisimama golini mlango umefungwa. Hakuwa mrefu, ila alikuwa na mikono myepesi na mdomo usiopumzika. Tangu filimbi ya kwanza ungemsikia: "Kulia kwako, Tingatinga. Mtu mgongoni. Acha, huo wangu." Tingatinga alikuwa beki wao, kijana mnene mwenye nguvu za kusukuma ukuta, lakini alicheza kwa kusikia kuliko kuona. Komeo akisema kulia, anakwenda kulia hata kama kuna mti.

Komeo alikuwa na tabia moja. Kabla ya kila mechi ya nyumbani alikwenda jikoni kwa mpishi wa shule, akaazima ndoo ya maji machafu, kisha akapiga magoti kwenye goli la upande wa vyoo na kuokotaokota chini. Wenzake walimcheka, na kinara wa kucheka alikuwa Mlingoti, kipa wa akiba, mrefu kama jina lake.

"Komeo, leo unafukia nini hapo? Jino la mamba?"

"La bibi yako," alijibu Komeo, akaendelea kuokota.

Jumamosi hiyo mashindano ya shule yalikuwa yanafunguliwa. Mgeni rasmi alifika amechelewa, na mkuu wa shule akataka timu ipige naye picha. Komeo alikuwa ndiyo kwanza anapiga magoti na ndoo yake. Mwalimu wa michezo akamwita.

"Wewe kipa, acha mambo yako ya kufagia. Njoo kwenye picha."

"Mwalimu, hata sijaanza."

"Weka ndoo chini. Mgeni hasubiri ndoo."

Picha ilirudiwa na kurudiwa, maana kila mara mgeni alikuwa amefumba macho. Alipofaulu kuyafumbua, refa alikuwa amekwishaita timu uwanjani.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli. Mechi haijapata joto, mshambuliaji wa wapinzani akaachia shuti la chinichini. Komeo aliruka, akalipangua, akaangukia kiwiko. Mpira ulitoka nje. Yeye hakunyanyuka.

Nilipomfikia nikaona chini ya mkono wake kipande cha tofali, ncha imechomoza kama jino bovu. Kando yake kulikuwa na kigae cheupe. Nilikijua kigae kile. Kilitoka kwenye vyoo vya zamani vya shule, vile vilivyobomolewa kabla ya mvua. Dimbwi lilipotokea golini, mtu fulani aliona njia rahisi: kifusi cha choo kikamwagwa humo, kikapakwa udongo juu kama poda usoni. Mvua ikaosha poda. Watoto wa watu wakabaki wanajirusha juu ya choo, na wakubwa wamekaa chini ya turubai wanakunywa soda.

Hospitalini muuguzi alimfunga plasta kuanzia juu ya kiwiko hadi kiganjani. "Mfupa umevunjika," alisema. "Msimu huu mpira autazame tu."

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, "Kumbe ile ndoo ilikuwa ya mawe?"

"Ya mawe, baba. Na vioo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mwalimu akaniambia kipa anayechagua pa kuangukia ni mwoga. Nikaona bora niokote mwenyewe."

Hasira ilinijaa mdomoni kama povu la sabuni. Sikupata pa kuitema.

Mechi ile iliishia sare. Iliyofuata ilichezwa ugenini, kwenye uwanja wenye nyasi nzuri, na ndipo timu ilipojua imepoteza nini. Mlingoti alisimama golini kimya kama nguzo. Tingatinga aligeukageuka akitafuta sauti ya kumwambia aende wapi. Mpira mmoja wa juu ulikuja, yeye na beki mwenzake wakaufuata wote wawili, wakagongana vichwa, na mfungaji akapita katikati yao akitembea. Mabeki wakaogopa, wakarudi nyuma. Viungo nao wakarudi kuwasaidia, mbele akabaki mtu mmoja anayesubiri mpira usiofika. Walifungwa tano bila.

Njiani waligombana. "Una mikono mirefu kama ngazi, unaitumia kufanyia nini?" Tingatinga alimwambia Mlingoti.

"Na wewe una macho. Mpaka uambiwe?"

Ikabaki mechi moja, nyumbani. Wakishindwa kushinda hiyo, wametoka. Na zaidi ya hapo, Mlingoti alikataa kudaka. Siku ya picha alikiona kiwiko cha Komeo kilivyopinda, na tangu hapo hata mazoezini mpira wa chini aliusindikiza kwa macho.

Ndipo Komeo akaenda mazoezini, mkono umening'inia shingoni, ndoo iko mkono wa pili. Aliwapeleka wote golini, akafukua kwa kisigino. Yakatoka mawe, waya wenye kutu na shingo ya chupa.

"Hirizi yangu hii hapa," alisema. "Kila mechi nilijaza ndoo. Siku ya picha sikuokota."

Mlingoti alitazama chini. "Na mimi nikawa nakucheka."

"Ulicheka vizuri tu. Sasa njoo nikufundishe kupiga kelele."

"Mimi sina sauti, Komeo."

"Unayo. Ya kunicheka ilisikika mpaka jikoni."

Wiki nzima walifanya hivyo. Komeo alikaa nyuma ya goli akimnong'oneza, Mlingoti akipaza. Mwanzoni alitoa sauti ya kuku aliyekanyagwa. Mwishowe Tingatinga akaanza kugeuka anapoitwa.

Siku ya mechi timu nzima ilipiga magoti golini. Mpishi wa shule, mama mmoja asiyejua kusema taratibu, alipoelewa ndoo yake ilikuwa inakwenda wapi siku zote, alileta beleshi na masufuria mabovu. Walifukua, na harufu iliyotoka humo ingefukuza nzi. Wageni wakaziba pua. Mwalimu wa michezo alikuja mbio.

"Mnatuaibisha mbele za watu. Inukeni."

"Mwalimu, hatuchezi mpaka pawe safi," alisema Tingatinga bila kuinuka.

"Nani kakutuma kusema hivyo?"

"Hakuna. Kila mtu kajituma," alijibu Mlingoti, akamnyooshea ndoo iliyojaa.

Mwalimu alitazama kiwiko cha Komeo, akatazama ndoo. Akaipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayebeba panya, akaenda kuimwaga. Alipogeuka, ya pili ilikuwa inamsubiri. Halafu wakaleta mchanga, wakaushindilia kwa miguu.

Mechi ilikuwa ngumu. Walipata bao kipindi cha kwanza, wakalilinda kwa jasho. Mwishoni kabisa mpira ukampita Tingatinga, mshambuliaji akabaki na kipa peke yake, akapiga chini, pembeni. Nilimwona Mlingoti akisita. Kisha akajinyoosha na urefu wake wote, akaanguka kwenye mchanga, na mpira ukagonga ncha za vidole ukatoka. Aliinuka akiwa mzima.

"Tingatinga, kulia kwako, umelala?" alifoka kabla hata hajajipangusa.

Walishinda moja bila. Wakasonga mbele.

Baada ya mechi mpishi aliwakusanya kando ya jiko. "Komeo, ulifanya jambo jema kwa njia mbaya," alisema. "Hatari ikiwa ya wote, iseme kwa wote. Wa kwanza akikudharau, nenda kwa wa pili, njoo hata kwangu mwenye ndoo. Ukiibeba peke yako, siku usipookota watu wanaumia, na siku ya picha aliyeumia ulikuwa wewe mwenyewe. Na nyinyi wengine, mkimwona mwenzenu kapiga magoti kila mara, muulizeni anafanya nini, ndipo mcheke kama bado mnataka. Sasa nirudishieni ndoo yangu, na muioshe kwa sabuni."

Nilidhani yameisha. Jumatatu mkuu wa shule akaja kunyolewa, akakaa kwenye kiti changu amejaa furaha.

"Fundi, vijana wametutoa kimasomaso. Nimefurahi sana."

Nilimfunga kitambaa shingoni, nikampaka sabuni, nikashika wembe. Nilimuuliza swali moja kwa adabu zote, kwa sababu nilitaka kujua. Komeo, aliyekuwa akifagia nywele kwa mkono mmoja, akasimamisha ufagio ili asikie. Mkuu akafumba macho, akasema nimpunguze kidogo pembeni.

Nikampunguza. Akafumbua macho, akajitazama kwenye kioo, akaondoka. Swali bado liko pale pale kwenye kiti: nani aliagiza kifusi cha choo kimwagwe mahali wanapoangukia watoto?