Nyuzi za Rayhana

Jua lilikuwa linazama katika mji wa Kairuani, na Mundhir ametoka kununua mafuta ya taa. Mwaka mzima alikuwa hajashika kisu. Zamani alikuwa mpasuaji wa kutegemewa, mkono hautetemeki. Sasa watu walimkwepa njiani, tangu Rayhana, mke wa fundi matandiko ya farasi, afariki baada ya kutolewa uvimbe shingoni. Ni Zuhayr tu, ndugu yake wa kunyonya, aliyebaki naye. Ndiye aliyekuwa akimpelekea mgonjwa dawa, ndiye aliyeleta habari za msiba. Na ndiye aliyerithi kiti chake katika nyumba ya wagonjwa.

Kwenye kichochoro cha mafundi ngozi, mwanamke aliyejifunika gubigubi alimzuia.

"Tabibu. Nitoe nyuzi."

Mundhir alimjibu kwamba kazi hiyo ameiacha. Mwanamke aliteremsha ushungi.

Shingoni, mshono wa hariri. Mafundo mawili mawili, la pili limegeuzwa kushoto. Mji mzima hakuna aliyefunga hivyo ila yeye.

Harufu ya karafuu maiti ikamjaa puani...

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkasi mdogo aliokuwa bado akiubeba kibindoni. Uzi wa kwanza. Wa pili. Ngozi ilikuwa baridi kama mtungi, na kidonda kimefunga vizuri, bila usaha.

"Kilipona siku ya saba," mwanamke alinong'ona. "Nilikufa siku ya nane."

"Kwa nini?"

"Kwa dawa yako."

Siku ya nane Mundhir hakutuma dawa.

Alipoinua macho, kichochoro kilikuwa kitupu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Zuhayr. Alimkuta chumbani, taa tatu zinawaka ingawa giza lilikuwa halijaingia vizuri. Alimsimulia yote, akiomba moyoni achekwe.

Zuhayr hakucheka.

"Kumbe na kwako amefika. Kwangu huja kila magharibi."

"Ulimpa nini, Zuhayr?"

"Kiti kilikuwa kimoja, ndugu yangu. Na wewe ulikuwa hukosei."

Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mama mmoja aliwanyonyesha. Zuhayr alimshika Mundhir bega, akamkalisha mkekani, akatoka.

Komeo likaanguka kwa nje.

"Leo mpokee wewe."

Taa ya kwanza ikazimika. Kisha ya pili...

Mundhir aliita jina la ndugu yake. Huko nje nyayo zake zilikuwa zinatokomea, bila haraka.

Na ndani mlikuwa na nyayo nyingine.