Saa Moja ya Lushoto

Siku ya soko pale Lushoto mtu hapiti bila kupigwa kikumbo, lakini safari hii mpiga kikumbo alikuwa Rubeni. Alikuwa akitembea kinyumenyume, macho kwa wazungu wake wasije wakampotea kati ya matenga ya kabichi, mgongo wake ukamgonga msichana aliyebeba peasi kichwani. Peasi zikabingirika mpaka chini ya meza za wauza karoti.

"Samahani sana, dada," alisema, akichuchumaa kuziokota.

"Samahani yako ianzie kule chini ya meza. Zile za huku naziona mwenyewe."

Rubeni akaingia chini ya meza na suruali yake nyeupe iliyonyooka kwa pasi. Alipotoka magoti yalikuwa mekundu kwa udongo, na msichana alikuwa anajizuia kucheka. Alivaa gauni la buluu lililomkaa vizuri kiunoni, sweta nyeupe kwa ajili ya baridi, na kitambaa cha maua kichwani.

"Hao wageni wako wametoka wapi?"

"Melini, Tanga. Tumeondoka alfajiri na leo hii tunarudi. Meli haingoji mtu."

"Mje mpaka huku kwa siku moja? Mnapata muda gani?"

"Saa moja, barabara ikiwa na huruma."

"Sasa kwa saa moja mtu anaona nini?"

"Wao sijui," alisema Rubeni, akimkabidhi peasi ya mwisho. "Mimi nimekuona wewe."

Msichana akageuza uso, lakini hakuondoka.

Aliitwa Yudith, binti wa Kisambaa kutoka Magamba, na alikuwa akiuza katika duka la ushirika karibu na soko. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Azimio la Arusha. Kijiji chao kilikuwa kinalima pamoja, na lori la ushirika lilishusha mboga zao mpaka Tanga. Rubeni alikuwa Mbondei wa Muheza. Kazi yake katika meli ya watalii ilikuwa kuwashauri abiria waende wapi meli inapotia nanga. Siku ile walikuwa wametaka kwenda Dar es Salaam na kurudi. Akawaambia wazi kwamba jua litawachwea njiani kabla hawajaona hata nyumba moja ya Dar, akawapandisha milimani badala yake.

Kabla ya kuondoka aliuliza kama dukani kwao kuna simu.

"Ipo," alisema Yudith. "Ila ni ya kazi."

"Nitaulizia bei ya kabichi."

Akaulizia kweli. Kila meli ilipofunga gati Tanga, simu ya ushirika ililia, na Hadija, mwenzake Yudith dukani, aliipokea akicheka kabla hata hajasikia sauti, akampa Yudith.

"Habari ya kabichi, mpenzi?"

"Sema polepole, baharia. Yule wa posta anatusikiliza."

"Asikilize, ajifunze. Kesho naja."

Na alikuja, peke yake au na abiria, kwa basi, kwa teksi ya kuchangia, safari moja juu ya magunia ya mbolea. Alifika amechoka, kola imejaa vumbi la Mombo na masikio yamepigwa na baridi ya Soni. Wakanywa chai ya tangawizi mgahawani, wakashikana mikono chini ya meza, kisha akakimbilia gari la kurudi. Melini wenzake walimcheka kwamba anasafiri kutwa nzima kwa kikombe cha chai. Mama yake Yudith, Esta, mwanamke wa Kilutheri asiyezungusha maneno, alimwita bwana saa moja.

"Mwanangu, huyo anakutembelea au anapita?"

"Anakuja, mama. Wengine wanaoishi hapa hapa Lushoto hawaji."

Alisema hivyo kwa uhakika, maana aliamini.

Kisha ikaja siku ya bibi wa Kiingereza. Rubeni alikuwa amepandisha abiria wachache, na walikuwa wamekaa nje ya mgahawa wakingoja gari. Yudith alikuwa anakuja kwa nyuma na kifurushi cha peasi alizomchagulia. Alikuwa amemaliza darasa la nane, na Kiingereza chake kilitosha. Bibi aliuliza kitu ambacho Yudith hakukisikia vizuri, akaonyesha upande wa kaskazini, iliko Magamba, na Rubeni akajibu bila kufikiri, kama mtu anayejibu swali la kila siku.

"Haifai, mama. Utamaliza siku nzima barabarani kwa ajili ya saa moja tu, na huko hakuna kitu cha kukufanya utake kurudi."

Yudith alisimama. Akaweka kifurushi mezani, akasema, "Safari njema," akaenda zake dukani. Rubeni akadhani ana wateja.

Simu ilipolia mara iliyofuata, Yudith alimtikisia Hadija kichwa.

"Ameenda Malindi kwa shangazi yake," alisema Hadija kwenye simu, naye hakucheka.

Simu ya pili, Malindi. Ya tatu, Malindi. Meli ikaenda Zanzibar, ikaenda Bombay, ikarudi, na Yudith alikuwa bado kwa shangazi. Rubeni alikuwa mtu wa kujiamini, lakini sasa alianza kulala vibaya. Pengine amepatikana mwanamume anayeweza kukaa mpaka chakula cha mchana.

Nyumbani Magamba, Esta alimvumilia binti yake kwa muda, kisha akachoka.

"Umemwuliza?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu, mama."

"Mimi sikuulizi umesikia nini. Kesho lori la mboga linashuka, na Hadija anasema meli yake iko Tanga. Nenda ukamwambie usoni. Akiwa na jibu, utalisikia. Kama hana, utarudi na kabichi zilizobaki."

Asubuhi Yudith alivaa gauni lake jekundu la kwendea kanisani. Alitaka Rubeni aone anachokikosa. Saidi, dereva wa ushirika, alizishuka kona taratibu, na Mombo akasimama kujaza mafuta. Joto la bondeni likamvua Yudith sweta. Alikuwa ananunua machungwa basi la kutoka Tanga lilipoingia, na mtu wa kwanza kushuka, kofia mkononi, alikuwa Rubeni.

Wakatazamana.

"Malindi ya siku hizi iko Mombo?" aliuliza Rubeni.

"Na wewe unapanda kwenda wapi? Si ulisema haifai?"

"Nilisema wapi?"

"Kwa yule bibi. Siku nzima barabarani kwa ajili ya saa moja, na huko hakuna cha kukurudisha. Kiingereza nilifundishwa, Rubeni. Simu zako sikuzipokea kwa sababu hiyo."

Rubeni akakumbuka, akashusha pumzi ndefu.

"Nairobi. Aliniuliza kama meli ikifika Mombasa aende Nairobi na kurudi. Watu wote huniuliza hivyo, na wote nawajibu hivyo. Hana mtu Nairobi yule bibi."

Yudith alimtazama usoni, akaona kwamba ni kweli. Hasira zikamwisha, lakini hakutabasamu.

"Basi nimekosea, nisamehe. Lakini ulimshauri sawa. Sisi nasi saa moja haitutoshi. Sijui hata ukiumwa unakuwaje."

"Nakuwa mtoto mdogo. Utaniona."

Saidi alipiga honi. Akamwambia Rubeni kwamba kama hajali kunuka kabichi, lori linakwenda Tanga. Wakapanda nyuma, juu ya magunia, na kwa mara ya kwanza hawakuwa na gari la kukimbilia. Walikula machungwa. Wakabishana kama Kibondei na Kisambaa ni lugha moja. Rubeni akamweleza habari za baba yake aliyefia katika shamba la mkonge, na Yudith akamweleza jinsi alivyotaka kuwa nesi. Karibu na Korogwe Yudith alilala begani kwake, akaamka wakiwa Muheza, shavu lina alama ya vifungo vya shaba vya sare ya Rubeni.

"Kwenu ndipo hapa?"

"Hapa. Mkataba wangu unaisha Krismasi, na sitauongeza. Bandarini Tanga wanatafuta makarani, nimeshaongea nao. Nilikuwa nakuja leo kukuambia, na kama hupo nimwambie mama yako. Nitawaleta wazee wangu Magamba wakaongee na mama yako. Ukikubali, Yudith."

"Hao wazee watakaa saa moja?"

"Watakaa mpaka mama yako achoke kuwapikia."

"Mama hachoki upesi," alisema Yudith. "Nakubali."

Kwenye lango la bandari meli nyeupe ilikuwa tayari inatoa moshi. Rubeni alimshika mikono yote miwili mbele ya walinzi bila aibu, kisha akaingia, akigeuka kila hatua chache, mpaka winchi za kupakulia mizigo zikamficha. Yudith alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akapanda mbele kwa Saidi.

"Tungoje meli iondoke?" aliuliza Saidi.

"Hapana, kaka. Tushushe kabichi turudi. Mama ana wageni wa kuwaandalia."